Duka la Vifungo la Akina Wenyewe

Jumatatu, 2 Februari 1998

Leo tena gundi. Kabla sijavua koti Bwana Witold ameshanisogezea kopo. Vidonge vyake baadaye, uji wake baadaye. Karatasi ya ejensi inasema kuosha, kupika, dawa, kumtembeza kidogo mpaka bustanini. Haisemi kuezeka. Mie tangu Desemba naezeka.

Sebule yote imeliwa na meza. Juu ya meza umelala uwanja wa soko wa mji aliozaliwa, huko Poland, kwa kadibodi na njiti za kibiriti. Jina la mji lina z tatu na sina haja ya kulijaribu tena. Nikilitamka ananisahihisha kama mtoto wa chuoni. Mji wenyewe mdogo. Ungeweza kuuingiza wote ndani ya stesheni ya Stratford hapa London na watu wakaendelea kupita. Lakini akiutaja utadhani anataja Stambuli.

Nafunga sita ya baada ya Ramadhani. Tumbo tupu na harufu ya gundi. Kichwa kinapasuka.

Ananiita Zuzanna. Naitwa Zuwena. Nimemwambia. Anasema kwao yupo Zuzanna, Zuwena hayupo. Basi na kwetu Witold hayupo, mbona simwiti Waziri.

Kazi hii ina mwisho, alhamdulillahi. Mwezi ujao wanauonyesha uwanja huu katika klabu ya Wapoland wenzake, kisha unapakiwa garini kurudishwa kwao, ukakae katika ukumbi wa baraza la mji, watoto wa shule wauangalie wajue walikotoka. Nawahurumia watoto.


Jumatano, 4 Februari

Darsa la historia asubuhi yote, na mie nimeshika paa mpaka gundi ikauke.

Kwanza, lisiitwe soko. Lisiitwe uwanja. Linaitwa rynek. Nikamuuliza tofauti. Tofauti haipo. Ni mraba, nyumba pande zote nne, pampu ya maji katikati, kanisa linachungulia kwa pembeni. Mfalme mmoja aliwapa ruhusa ya gulio kila Jumanne, na tangu hapo wanajiona wao ndio wao. Waswidi wakauchoma. Wakaujenga. Ukaungua tena kwa mshumaa wa mlevi. Wakaujenga. Kila aliyekuja na bunduki akaubandika jina jipya: mara jina la mfalme wa Kirusi, mara la jemadari wao, mara la Mjerumani, mara la siku ya ukombozi ambayo kwa maelezo yake haikumkomboa mtu. Sasa wamechoka, wamerudi kuuita rynek basi. Hilo halikunishangaza. Nimekulia mahali ambapo barabara zililala na jina moja zikaamka na jingine.

Kitu kimoja nimekipenda na sitamwambia. Nyumba zao za zamani zina mabaraza. Mabaraza hasa, yenye nguzo za mbao, watu wanakaa nje wanasengenya na mvua haiwapati.

Kisha akasema maduka yalikuwa wazi siku zote ila Jumapili, na Jumamosi nusu ya uwanja ilikuwa imefungwa. Nikamuuliza kwa nini Jumamosi, kwani nyinyi si Wakristo? Akaomba chai. Chai ilikuwa mbele yake.

Mie nimekulia mtaa ambao ukitaka kujua dini ya mwenye duka humuulizi, unatazama kafunga lini. Kwa hiyo Wayahudi walikuwapo, nusu ya uwanja mzima. Katika historia yake ya asubuhi yote hayumo hata mmoja wa kuuza njugu.


Jumapili, 8 Februari

Kwa Kaka Salum, Ilford. Wanaume sebuleni, sisi jikoni, mlango wazi, hakuna lisilosikika. Kila Jumapili mji ni ule ule: Forodhani taa zinawaka, watu wote wastaarabu, hakuna mwizi, hakuna tusi, hata paka walikuwa na adabu. Nani alikuwa akiwachotea maji hao wastaarabu, nani akilala Ng'ambo kwenye vibanda vya makuti, hayo hayasemwi. Bwana Witold anajenga kwa kadibodi, ndugu zangu wanajenga kwa mdomo. Nyani haoni kundule.

Baada ya biriani Salum akarudia kisa chake cha safari ya mwaka juzi. Alikwenda Unguja, akaenda Vuga kuiona nyumba ya baba, ile iliyochukuliwa baada ya Mapinduzi wakapewa watu wengine. Alisimama nje ya mlango alioingia na kutoka tangu anatambaa.

"Nikapiga hodi," anasema. "Hodi! Wenyewe mpo? Mwanamke akanijibu kutoka ndani, bila wasiwasi: Tupo, karibu!"

Akapewa maji ya ukwaju. Akanywa. Kila akifika hapo wanaume wanacheka mpaka wanakohoa.

Mie sikucheka. Nilikasirika mpaka nikajikata kidole na kisu cha vitunguu. Upige hodi kwenye nyumba yako, uulize wenyewe wapo, ujibiwe tupo. Na badala ya kulia unakunywa ukwaju, halafu unaufanya hadithi ya kuchekesha wageni miaka miwili. Mjinga wa kuzaliwa naye tumbo moja.

Kwenye treni mwanangu Nasra akanambia, "Mum, it's just a house. We've got a house." Ati ni nyumba tu, na nyumba tunayo. Ana miaka kumi na saba. Tulicho nacho ni flati ya kupanga ya kaunsili, na lifti yake inanuka.


Alhamisi, 12 Februari

Kengele ililia saa tano. Bibi mfupi, kofia ya sufu, kigari cha sokoni cha magurudumu mawili. Bi Estera. Anakaa Hendon. Alisikia klabu ya Wapoland inatafuta watu wanaoukumbuka uwanja, akapanda mabasi akaja.

Nilidhani ni mmoja wao. Bwana Witold pia alidhani hivyo, akanyoosha mkono autazame uwanja wake, kifua mbele. Bibi akaizunguka meza taratibu, pande zote nne. Halafu akaweka kidole juu ya nyumba ya pembe, karibu na pampu.

"Hapa kwetu," akasema.

Duka la vifungo na uzi la baba yake. Chini duka, juu walilala wao. Alitolewa pale kabla ya vita, msichana wa miaka kumi na miwili, akaletwa London kwa shangazi yake. Waliobaki hawakutoka. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja nauli ya basi.

Vibao vya maduka bado hatujaandika. Anataka kitu kimoja tu, kibao cha duka la baba yake kiwe na jina la baba yake. Akamuuliza Bwana Witold kama analikumbuka. Bwana Witold akatazama gundi. Akasema ni zamani sana. Akasema huenda duka lile halikuwa na kibao.

"Ulipita pale kila siku kwenda shule," Bi Estera akasema. "Mimi sitakutajia. Utalitaja wewe."

Basi. Chai hakunywa. Mlangoni akanipa namba yake ya simu, akanambia nimpigie mzee akikumbuka.

Kiburi kitupu. Angelitaja jina mie nikaliandika, na sote tukapumzika. Lakini huyu mzee wangu ndiye anayenitia kichefuchefu. Anakumbuka farasi wa daktari alikuwa na doa jeupe mguu gani. Anakumbuka bata wa padri walikuwa wakipita njia ipi. Jina la duka alilolipita kila siku limemtoka. Ati halikuwa na kibao. Duka gani la mjini halina kibao?


Jumanne, 17 Februari

Vibao. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo mie ndiye mchoraji. Brashi ina nywele tatu. Mwuza dawa, mwuza nyama, kinyozi, mshona viatu, kilabu cha bia, kilabu kingine cha bia. Majina marefu kama treni ya mizigo, na kila moja alinitajia herufi kwa herufi bila kukwama. Mzee ana kumbukumbu kali kama wembe anapotaka.

Tukafika kwenye nyumba ya pembe. Akanyamaza. Nikamwambia nasubiri. Akasema iache tupu. Nikamwambia ikiachwa tupu ndiyo itaonekana, jirani zake wote wana vibao. Akakasirika. Uso ukawa mwekundu mpaka nikaogopa presha. Akasema andika chochote, andika kwa lugha yako, nani atasoma herufi ndogo kama siafu.

Nikaandika WENYEWE.

Sikufikiri sana. Ukwaju wa Salum ulikuwa bado umenikaa kooni. Duka la nani? La wenyewe. Wenyewe wapo? Hawapo. Basi kibao kiseme angalau hilo.

Akavaa miwani, akasoma. Kwao W inasomwa V. "Venyeve," akasema. Akarudia. Akasema linasikika kama jina la watu wa upande wa mashariki wa nchi yao. Maana yake hakuuliza. Miezi yote hii niko ndani ya nyumba yake na hajawahi kuuliza neno langu hata moja maana yake nini.

Nami sikumwambia.


Jumatatu, 23 Februari

Anataka bata bukini wa udongo, ishirini, waende machinjoni kwa mstari. Nimewafinyanga. Kumi wamefanana na viatu. Nimemaliza sita, angalau hilo.


Jumamosi, 28 Februari

Kaja Mwenyekiti wa klabu kukagua. Suti, skafu, marashi ya kumfukuza mbu. Amezaliwa Acton, hapa hapa London, Kipoland chake Bwana Witold anakikunjia uso, lakini anauzungumzia uwanja ule utadhani kitovu chake kimezikwa chini ya pampu. Akainama na kioo cha kukuzia. Kila kibao akakisoma kwa sauti. Akafika kwenye pembe.

"Venyeve," akasoma. Akaitikia kwa kichwa, ahaa, kama mtu aliyekutana na rafiki. Akauliza waliuza nini. Bwana Witold akasema vifungo. Mwenyekiti akaandika.

Nikaenda jikoni nikafungua bomba wasinisikie nikicheka.


Jumapili, 8 Machi

Siku yao. Ukumbi umejaa, medali, manyoya, keki zao zenye mbegu nyeusi. Ejensi ilinilipia nije kumsukuma Bwana Witold kwenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo nilisimama nyuma yake kama pazia. Hakuna aliyeniona. Bibi mmoja alinipa koti lake nilishike na akaenda zake.

Mwenyekiti akahutubia. Debe tupu. Mfalme, Waswidi, mshumaa wa mlevi, kila kitu alicho nacho kakitoa kwa Bwana Witold na hakumtaja. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba na fimbo. Akafika kwenye pembe. Familia ya Venyeve, akasema, wafanyabiashara wa vifungo, wacha Mungu, waliotoka mashariki na inaaminika walihamia Amerika.

Inaaminika! Na nani? Kawatungia safari alipokuwa ndani ya teksi akija.

Yangeishia hapo ningevumilia. Lakini bibi mmoja wa safu ya mbele, lulu shingoni, akainuka. Akasema vifungo vya gauni la harusi la mama yake vilinunuliwa kwa akina Venyeve. Watu wema sana. Mama Venyeve alikuwa akimpa peremende. Watu wakaguna kwa furaha. Mzee wa nyuma naye akanyoosha mkono: yeye alimjua mtoto wao wa kiume, alikuwa akipiga fidla.

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Watu wazima, ndevu nyeupe, wanalikumbuka neno la Kiswahili lilivyokuwa likipiga fidla. Hakuna nilichowahi kukidharau kama ukumbi ule kwa dakika zile.

Nikatoka nje ya ukumbi, palipotundikwa makoti, kupumua. Bi Estera alikuwa amesimama pale, kofia kichwani, kigari mkononi. Amesikia yote. Akaniuliza hao Venyeve ni akina nani, maana kwenye uwanja ule hawakuwapo.

Nikamweleza, kicheko bado kinanitoka. Neno la kwetu hilo, mama. Ukifika kwenye nyumba ya watu unapiga hodi, unauliza wenyewe mpo. Maana yake wenye nyumba. Maana yake nyinyi. Mie ndiye niliyeandika. Nilidhani atafurahi. Nilidhani, Mungu anisamehe, atanishukuru.

"Maana nzuri," akasema. "Lakini baba yangu alikuwa na jina."

Akafunga vifungo vya koti akatoka.


Jumatatu, 9 Machi

Nimejichukia siku nzima. Nilijiona mjanja kuliko ukumbi mzima, kumbe nilikuwa mmoja wao. Wao walilifuta jina kwa kunyamaza. Mie nikaja nikaweka mzaha wangu pale pale lilipofutwa, sasa hata nafasi ya kuliandika hakuna.

Nimemwambia Bwana Witold maana ya neno. Akageuza kiti chake kuelekea dirishani na kukaa hivyo mpaka nilipoondoka.

Kabla ya kuondoka nikampigia Mwenyekiti. Nikamwambia hakuna familia ya Venyeve, ni neno la Kiswahili, nimeliandika mie. Halafu akasema kijarida cha klabu kimeshapigwa chapa. Nikamwambia kipigeni tena. Akasema na zaidi ya hayo mashahidi wapo, watu wawili wanaikumbuka familia hiyo vizuri.

"Bwana," nikamwambia, "neno halipigi fidla."

Akaniita my dear. Akasema mimi ni msaidizi wa nyumbani, nashukuriwa sana kwa kazi yangu, na historia niwaachie wenye historia. Nikakata simu nisije nikamtukana kwa lugha asiyoijua, maana angeiandika kwenye kijarida.


Alhamisi, 12 Machi

Bimkubwa wa ejensi kanipigia. Kuna malalamiko. Nimevuka mipaka ya kazi. Nikivuka tena wananihamisha, na wa pili kwenye orodha yao anakaa Uxbridge na ana mbwa. Nikasema ndiyo, naelewa, kwa sauti ile ninayoitumia kwa kaunsili.

Bwana Witold kagoma kula. Supu imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Mchana, bila kuulizwa, macho kwenye meza, akasema dada yake anaishi kwenye ile nyumba ya pembe.

Mpaka leo.

Akasema yote kwa mkupuo. Wayahudi walipochukuliwa, ilikuwa baridi, nyumba ikabaki na milango wazi. Nyumba yao wao ilikuwa nyuma ya kanisa, paa bovu, mama yake mgonjwa wa kifua. Mama akawahamisha. Yeye mwenyewe alilala kule juu mwaka mmoja, kabla Wajerumani hawajamchukua akawafanyie kazi kiwandani. Kutoka huko akaangukia jeshini, kutoka jeshini akaangukia huku Ealing, na nyumbani hakurudi tena. Dada akabaki, akaolewa mle ndani, akafiwa na mume mle ndani.

"Vitanda vilikuwa vizuri," akasema. Vitanda!

Sasa anaogopa. Jina likifika pale, likikaa ndani ya ukumbi wa baraza la mji mbele ya kila mtu, mmoja atauliza, mwingine atadai, na bibi wa miaka themanini atatolewa nje na sufuria zake. Nikamwambia Bi Estera hataki nyumba, anataka jina. Akasema wote husema hivyo mwanzo.

Nimesafiri na maneno yale kutoka Ealing mpaka Stratford, njia nzima ya treni ya Central line. Labda hivyo ndivyo yule mwanamke wa Vuga alivyowaza, alipokuwa akimmiminia Salum ukwaju. Labda jicho lake lilikuwa mlangoni na Salum mjinga hakuona.

Bwana Witold simhurumii. Asidhani. Ila nilikuwa nikimdharau kwa urahisi, kama kuvaa kanga, na leo imenibidi nijitahidi.


Jumatatu, 16 Machi

Gari la kuuchukua uwanja linakuja keshokutwa. Nimempigia Bi Estera aje kesho. Sikumwomba ruhusa mzee, sikumwomba ejensi. Na wanihamishe. Mbwa nitamzoea.


Jumanne, 17 Machi

Kaja saa nne. Nimewamiminia chai, na safari hii sikujificha jikoni, nilivuta kiti nikakaa. Wazee wawili wanatazama kadibodi. Bwana Witold anajifanya anamnyoosha bata. Nilitaka kuwazaba makofi wote wawili.

Bi Estera ndiye aliyeanza, na hakuanza nilikodhani.

"Najua dada yako yumo," akasema. "Najua miaka mingi. Ule mlango siutaki. Nina nyumba Hendon ina ngazi kumi na sita, na magoti yangu yamekwisha. Nyumba nitaifanyia nini?"

Bwana Witold akaweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye sahani.

Kisha akalitaja. Lejzor Wajnsztok. Hakuishia hapo. Akasema Lejzor Wajnsztok alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Alikuwa akipiga mluzi anapofungua mbao za dirisha. Vifungo visivyo na wenzao aliviweka ndani ya mtungi kaunta, na watoto wanaotoka shule waliruhusiwa kuchagua kimoja siku za mvua. Yeye alichagua cha shaba, chenye nanga. Jina lilikuwa la herufi za kijani. Akaanza kulitaja herufi kwa herufi, kama alivyonitajia kinyozi na mwuza nyama, na hakukwama hata moja.

Hakuwahi kulisahau hata siku moja. Lilikuwa limekaa mdomoni mwake miaka yote ile, yeye kafunga meno. Mwongo. Mwoga. Nilimchukia kuliko siku zote na machozi yananitiririka, yote mawili pamoja, na leso nilikuwa sina.

Bi Estera hakulia. Alimsahihisha matamshi ya jina la kwanza. Bwana Witold akalirudia sawasawa. Halafu bibi akaomba sukari.

Nimelikwangua lile neno langu kwa ncha ya kisu. Kibao kidogo, jina refu, nimelikata mistari miwili. Kijani tulikuwa nacho, cha majani ya miti. Bi Estera alishika taa karibu na mkono wangu muda wote. Nilipomaliza hakusema limependeza wala halijapendeza. Aliniuliza mie naitwa nani. Nikamwambia Zuwena. Akalisema sawa mara ya kwanza.


Jumatano, 18 Machi

Wameuchukua. Vijana wawili, mablanketi, kamba. Mwenyekiti alikuja kusimamia kwa skafu yake, akakiona kibao, akafungua mdomo. Bwana Witold akamwambia neno moja la Kipoland. Sikulielewa. Mwenyekiti alilielewa, akaufunga.

Bata wawili wamebaki chini ya kochi. Ejensi haijapiga simu.


Alhamisi, 2 Aprili

Sebule imekuwa kubwa. Nimepiga dasta kila kona. Bwana Witold anakula mezani sasa, upande mmoja, na meza tupu yote mbele yake.

Leo alinambia nimpigie dada yake. Wiki mbili amekuwa akiizunguka simu bila kuishika. Nikabonyeza namba, nikampa, nikaenda kupasha supu. Alisema kidogo, akasikiliza sana. Nilisikia akivuta kamasi. Nilipoingia na bakuli simu ilikuwa imeshawekwa chini.

Uwanja umefika salama. Umewekwa ukumbini, na dada kapelekwa kuuona kwa kushikwa mkono. Jina kaliona. Hakukasirika, hakuogopa. Alichoshangaa ni kwa nini ndugu yake analia. Kasema jina lile mbona liko ukutani, juu ya mlango wake. Wamelipaka chokaa, wamelipaka rangi, mara nyingi tangu vita, na kila mvua ikinyesha linatokeza tena, herufi zote. Kila mtu pale uwanjani analijua. Hata mtu wa posta anaiita hivyo, nyumba ya Wajnsztok.

Bwana Witold aliimaliza supu. Nikamfuta kidevu.

Nikampigia Bi Estera nikamweleza. Akauliza kama huko leo mvua inanyesha.

Nikamwambia sijui.